Majani Hayamngoji Mheshimiwa

Jumanne, 7 Mei 1996

Kuni mbichi tena. Moshi umejaa hotelini mpaka wateja wanatokwa na machozi kama wako matangani. Nimewaambia chai ya hapa ni tamu hata mtu mzima analia. Wamecheka. Mimi mgongo unauma.

Mvua tangu Pasaka. Majani chai yanaota kama yametukanwa. Kila mama ana kikapu mgongoni.

Habari ya mji ni moja. Chama kinatafuta mahali pa mkutano mkuu wa wajumbe, wa mkoa mzima, mwezi wa nane. Kericho wanautaka. Diwani wetu anasema kwa nini Kericho kila siku, Sotik tuna ubaya gani? Amekaa meza ya dirishani saa mbili nzima akieleza. Amesema mji una bahati kuwa na mtu kama mimi, niliyevaa koti jeupe katika hoteli kubwa ya Nairobi miaka kumi na moja. Ni kweli. Mimi nimemmiminia balozi chai na hakuna tone lililoanguka. Hapa kuna watu wakiona kitambaa cha meza wanafikiri ni cha kupangusia pua.

Sikumaliza shule, lakini dunia nimeiona.

Mama Moraa, mpishi wangu, ameshika shoka tangu diwani aondoke. Amepasua kuni zote peke yake. Hata zile hatukuhitaji.

Alhamisi, 9 Mei

Hoteli imegawanyika. Meza za dirishani wanataka mkutano. Barabara itapata lami, soko litapata choo, stima itaacha kupotea. Meza za nyuma, wengi ni Wakisii wenye maduka, wanakunywa polepole wakiangalia kikombe. Lakini si kabila tu. Mzee wa kanisa letu, Mkipsigis kamili kama mimi, naye hautaki. Amesema siasa ikija na magari mengi inaacha matope kwa wenyewe. Mwalimu mstaafu akaongeza kwamba choo kinaweza kujengwa bila wajumbe.

Fundi wa viatu akamrukia. "Mwalimu, wewe choo ya nini? Si ulizoea kichaka!"

Kelele. Hata mwalimu alicheka.

Mimi niliongea mwisho, kama kawaida ya wakubwa. Nikawaambia Sotik si kijiji, Sotik ni mlango. Wakapiga meza mpaka sukari ikamwagika. Nilisikia raha sana, siwezi kukataa.

Mama Moraa alinisubiri jikoni.

"Baba Chebet, unajua nikisikia spika juu ya gari nafanya nini?"

Nikauliza, nini?

"Natafuta viatu vya watoto."

Najua. Mwaka ule wa vurugu, Wakisii wakifukuzwa, nyumba yake ilichomwa, na yeye na watoto wakalala stoo yetu ya mahindi wiki sita. Mke wangu ndiye aliwaficha. Wakati ule pia ilianza na mkutano, na mheshimiwa juu ya jukwaa. Nimemwambia hii ni tofauti, watu watakula, watapiga makofi, watarudi kwao. Akasema mkutano ukija Sotik, anarudi kwao Keroka, kwa mama yake, yeye na watoto. Sio wiki moja. Moja kwa moja.

Nimekasirika. Nimemwambia anaogopa kivuli. Miaka tisa ananipikia na hajawahi kuniletea maneno kama haya.

Sasa nasikia vibaya. Hasira imeisha, aibu imebaki.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya kanisa, kamiti kwa ofisi ya chifu. Nimechaguliwa mwenyekiti wa mapokezi. Hakuna aliyesimama kupinga. Nani angeweza?

Wakaguzi wa chama wanakuja Ijumaa saa saba mchana. Wataangalia mji, halafu wataamua kati yetu na Kericho. Nimetoa wazo langu, na nasema bila kujisifu, hakuna mwingine angelifikiria. Wageni wasione vibanda kwanza. Waone mali. Siku hiyo majani yote yaletwe banda la kando ya barabara, yajazwe kwa magunia, yapangwe ukuta mzima. Akina mama wasimame nyuma na vikapu. Mgeni akishuka kwa gari anakutana na kijani na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Lori la kiwanda lingoje mpaka wamalize kuangalia. Na magunia yashindiliwe sawasawa, yasimame kama askari.

Wakapiga makofi. Chifu amesema ataongea na dereva wa lori. Watu kumi na wawili mle ndani, wote wamezaliwa kwa chai, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Mke wangu ndiye alikohoa. Alikuwa anaosha vikapu.

"Nani alikuambia majani inashindiliwa?"

Nimemwambia ni saa moja tu. Akasema mtu wa gari la bendera hajui saa moja ni nini.

Mke wangu ni mtu wa kukata tamaa mapema.

Jumatatu, 13 Mei

Nimetoa tai ya Nairobi kwa sanduku. Panya wamekula ncha. Nitaificha ndani ya koti.

Mama Moraa ananiita Bwana Mwenyekiti. Sio kwa heshima.

Jumatano, 15 Mei

Kamiti tena. Mwalimu amekuja bila kualikwa, akauliza wajumbe watalala wapi. Swali zuri, nilikuwa sijalifikiria. Diwani alikuwa amefikiria. Zile nyumba za mabati nyuma ya soko. Wapangaji watapisha kidogo, wiki mbili.

Nikauliza, watapisha waende wapi?

"Si wana kwao?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Sikutaka kucheka. Lakini nilicheka, na sauti ilikuwa yangu, naijua. Mwalimu aliondoka bila kuaga.

Wapangaji nyuma ya soko ni akina nani? Wote tunawajua. Mama Moraa yuko mlango wa tatu.

Sijamwambia. Leo nilimwangalia akikoroga uji na sikuweza. Nimekuwa mwoga. Mtu mzima, na tai.

Ijumaa, 17 Mei

Nimechoka sana. Niandike tu kama ilivyokuwa.

Asubuhi jua lilitoka, la kwanza baada ya siku nyingi. Nikasema Mungu yuko kamiti yetu. Akina mama walichuma tangu alfajiri, majani mawili na kichipukizi, safi kabisa. Kufika saa sita magunia yalikuwa yamepangwa ukuta mzima, yamejaa, yamekazwa. Vijana niliwaambia wapande juu wakanyage, wakakanyaga. Picha ilikuwa nzuri. Hata sasa nasema ilikuwa nzuri.

Saa saba, hakuna mgeni. Saa nane, hakuna mgeni. Lori lilikuja kwa saa yake, dereva akaambiwa angoje, akafungua redio. Jua likawa kali kama la Kisumu.

Saa tisa nikasikia harufu. Tamu, nzito, kama nyasi iliyolala na maji. Nilijifanya sijasikia. Mke wangu akaja, akaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, akautoa, akaniangalia. Mkono ulikuwa unatoa mvuke. Afadhali angenitukana mbele ya watu.

Akina mama wakaanza kufungua magunia yapate hewa. Chifu akapiga kelele, wasiharibu picha. Mama mmoja akamwambia, "Chifu, picha unakula na mboga gani?" Halafu ikawa hakuna wa kuwazuia. Walivuta magunia mpaka barabarani wakamwaga yote, huku wanachambua ndani kama kuna ya kuokoa. Hakukuwa na ya kuokoa. Katikati ya kila gunia yalikuwa yameungua, mekundu kama bati la zamani. Karani wa mizani aliangalia, akafunga kitabu chake. Lori liliondoka tupu.

Kazi ya siku nzima, ya kijiji kizima. Na mimi nimesimama pale na kibuyu cha mursik.

Wageni walifika saa kumi na moja. Magari manne. Yakasimama kwa sababu barabara ilikuwa majani matupu. Mkubwa wao akashusha kioo nusu.

"Hii ni nini?"

Kogo mmoja, nyanya wa umri wa mama yangu, alisogea mpaka dirishani. Hakupandisha sauti.

"Ni chakula ya watoto wetu, mheshimiwa. Imekungoja."

Kioo kikapanda. Magari yakarudi nyuma moja moja, yakageuka. Diwani alikimbia akipunga kofia mpaka kwenye kona. Mtu mnene hapaswi kukimbia hivyo.

Mimi nilibaki na mursik.

Jumamosi, 18 Mei

Wote wamesahau kwamba walipiga makofi. Mwenye wazo nabaki mimi.

Hoteli tupu. Mama Moraa hajaja. Nimechemsha chai mwenyewe na imeungua, sikujua chai inaungua hivyo. Mwalimu amekuja, amekunywa yote, hakunicheka. Hiyo imeniuma kuliko matusi ya fundi wa viatu.

Mke wangu ametoka saa kumi na mbili na kikapu. Majani hayajui jana kulitokea nini. Nilimfuata. Nimechuma mistari miwili, kidole kimepasuka, yeye alikuwa amemaliza sita.

Jumanne, 21 Mei

Imetangazwa. Mkutano ni Kericho.

Mzee wa kanisa amesema Mungu asifiwe. Diwani amepita nje ya hoteli bila kugeuza shingo. Fundi wa viatu anasema nimeiuza Sotik, kama kuna mtu angeinunua.

Mimi nikafurahi. Nilifurahi kweli. Nikafunga hoteli, nikapita sokoni, nikaenda nyuma kwa zile nyumba za mabati, mlango wa tatu. Njiani nilikuwa nishatengeneza maneno, tena ya kuchekesha, vile nimeufukuza mkutano kwa kuuchemshia majani.

Nikamkuta anafunga godoro kwa kamba.

"Mama Moraa, wacha hiyo. Wameenda Kericho. Umeshinda."

Aliendelea kufunga.

"Mimi sikimbii mkutano, Baba Chebet. Ulijua tungetolewa hizi nyumba. Jumatano ulijua. Alhamisi ukakunywa uji wangu. Mwalimu ameniambia, na ameniambia ulicheka."

Mimi, ambaye nimewahi kuchekesha mpaka polisi wa barabarani akasahau kuniuliza leseni, nikainama. Nikamshikia upande wa pili wa godoro akakaza kamba. Nikalibeba mpaka kituo cha magari. Moraa, binti yake, alibeba sufuria. Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenishukuru.

Gari la Keroka liliondoka saa tisa.

Jumapili, 26 Mei

Hatukuenda kanisani. Mimi na mke wangu, Mama Chebet, tumeenda Keroka, kwa nyumba ya mama yake Mama Moraa. Nimevaa shati tu. Tumebeba maziwa na mahindi kidogo.

Wametupokea vizuri. Hilo lilikuwa gumu. Tumepewa viti, tumeulizwa habari ya mvua, ya watoto, ya ng'ombe. Nilingoja mpaka maneno yote ya njiani yakaisha. Nikasema nilicheka, na nilijua ninayemcheka, na nilinyamaza siku tatu. Sikusema diwani alianza. Sikusema wote walicheka.

Mama Moraa alikuwa anachambua mboga ya saga. Aliendelea kuchambua. Baadaye akasema, "Nimesikia."

Akapika. Tukala ugali na ile mboga, na ilikuwa chungu kidogo, vile inavyotakiwa. Yeye na Mama Chebet waliongea habari zao, za watu wa soko, za shule ya Moraa huku. Sikumuuliza kama atarudi, na yeye hakusema.

Saa kumi alitusindikiza mpaka barabarani. Mvua ilianza tukiwa bado mbali. Alikuwa na mwavuli mmoja, akaufungua, akamvuta Mama Chebet karibu, wakaenda mbele bega kwa bega. Mimi nikatembea nyuma yao nikilowa. Njia ilikuwa na utelezi. Nikaangalia mahali wanakanyaga, nikakanyaga hapo hapo.