Kwaresima ya Sindano

Ijumaa, 7 Machi

Sindano ya wiki, ya kupunguza unene. Leo tumboni, upande wa kushoto. Haiumi, kama kung'atwa na sisimizi. Daktari kaongeza dozi. Nile kidogo kidogo, ninywe maji, nisiruke kliniki. Presha inashuka, sketi za ofisini zinapwaya. Kasema pia niwaambie watu wa nyumbani. Simwambii mtu. Hapa Misugusugu mwanamke akikonda wanasema ana ngoma, UKIMWI huo, akionekana na sindano ndiyo kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Marui, kwa mama. Kachinja jogoo, kamuunga nazi, ubwabwa umejaa sinia. Harufu tu ikanipanda kooni. Siku hizi njaa sina. Alipoanza kunipakulia nikasema nimefunga, Kwaresima. Limenitoka tu. Mimi, ambaye hata Ijumaa Kuu nakula chapati! Mama akaweka mwiko chini, akanishika mikono, machozi yakamlenga. Miaka yote ananiombea nirudi kanisani. Nimejichukia njia nzima hadi nyumbani Misugusugu.

Jumatano, 19 Machi

Mdogo wangu Anjela, anayekaa na mama, kapiga simu. Mama anafunga tangu Jumatatu. Hali kitu mpaka jioni. Eti hawezi kuniacha nifunge peke yangu. Na kisukari chake kile! Nikampigia, nikamwambia wazee na wagonjwa wamesamehewa. Akacheka. "Wewe mwenye presha umeweza, mimi nishindwe?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema haya mama, ujiangalie. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 21 Machi

Kliniki. Uzito umeshuka tena, daktari kafurahi. Ofisini wananiita mrembo. Nimetabasamu kutwa. Mama sijampigia.

Alhamisi, 27 Machi

Mama kaanguka shambani akipalilia mihogo. Sukari imeshuka mno. Alimeza vidonge vyake asubuhi kama kawaida, tumbo tupu. Anjela na jirani wakamkimbiza hospitali, Kisarawe. Nimefika amewekewa dripu. Muuguzi anamgombeza, nani kakwambia ufunge? Mama akaninyooshea kidole, uso umejaa fahari. "Namsindikiza mwanangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Muuguzi aliniangalia, nami nikaangalia dripu.

Ijumaa, 28 Machi

Hospitali tena. Nimemwambia mama yote. Sindano, kliniki, chakula vijiko viwili tu, uongo. Dawa nimeandikiwa na daktari, ananifuatilia, hakuna cha kuonea aibu. Aibu ni ile niliyoitengeneza mwenyewe. Mama hakufoka. Aliuliza kwanza kama nina ugonjwa ninaomficha. Nikasema hapana, ni presha na unene tu. Akavuta shuka hadi kifuani.

"Kwa hiyo nilikuwa nafunga peke yangu."

Akageukia ukutani. Jioni nimerudi nyumbani, nimechoma sindano yangu. Leo imeuma.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Marui. Mama kapona, anakula kwa wakati. Kapika pilau. Wajukuu kawapakulia mlima mlima. Kwenye sahani yangu kaweka vijiko viwili na kipande kidogo cha nyama. Kiasi changu hasa. Kumbe pale hospitali alisikiliza kila neno.

Zamani angenisukumia, ongeza mwanangu, ongeza, mpaka nikasirike.  Leo nilimaliza chakula, nikakaa na sahani mapajani, nikingoja aniulize kama nimeshiba. Akaendelea kuwapakulia wengine.