Maji ya Baba Mgongoni Mwako

Gitonga, mwana wa mama,

Wewe ni mtu wa namna gani? Kutoka Timau hadi hapa Githongo hata ng'ombe anafika kwa miguu. Mvua zimepita, kahawa imechumwa, imechumwa tena, na mlango wangu haujakuona. Ungekuwa umekufa ningejua kaburi la kwenda kupalilia. Mjukuu wangu Kendi ndiye anayeandika, mimi nasema. Nimemwambia asilainishe kitu.

Nilipokuomba uje umbariki Kendi, uliniambia kwa simu, "Dada, mtafutie huyo msichana mzee mwingine. Mimi sina baraka ya kutoa, mimi sikupewa." Sikukasirika wala sikulia. Siku hizi moyo wangu ni kama vidole vikikaa sana kwenye maji ya mto asubuhi, unavigonga na huvisikii.

Wakumbuka ule utepe wa bluu? Mwalimu wa Jumamosi aliwapanga watoto wa misheni mbele ya kanisa, mkainua mikono, mkaahidi hamtaonja pombe mpaka kufa, akawafunga utepe huo. Aliwachorea ini la mlevi ubaoni, jeusi kama sufuria yetu. Akawaambia, "Hata tone lisikuguse." Baba alicheka mpaka akakohoa. "Nani aliwahi kumpa mtoto pombe katika nchi hii? Uki ni wa wazee. Wameahidi kuacha shamba lisilo lao!" Lakini hakukukataza. Mimi sikupelekwa shule, nilikuwa wa kuni na mbuzi, ila utepe wako niliufua mimi.

Halafu ikaja Hali ya Hatari. Tukahamishwa, tukarundikwa katika kijiji kilichozungushiwa mtaro wenye miti iliyochongwa. Kupika uki, pombe yetu ya asali, kukawa kosa. Baba alificha kidogo kwenye pembe, wa asali ya mizinga yake, kwa ajili ya kubariki tu.

Asubuhi askari walipokuja kumchukua, lori lilikuwa linanguruma nje. Baba akamwomba yule homugadi, mlinzi wa serikali ya wazungu, aliyekuwa jirani yetu, "Niache niwatemee wanangu baraka." Akakubali. Baba akajaza mdomo, akanitemea uki kifuani. Nikausikia baridi. Akakugeukia. Ukaruka nyuma ukishika utepe.

"Baba, niliahidi! Lisiniguse!"

Homugadi akapiga mapaja. "Mzee, hata mtoto wako anakukimbia! Utambariki nani huko unakokwenda?"

Wewe ulikuwa umeficha uso kwenye nguo ya mama, macho umefunga. Hukuona. Mimi niliona. Baba aliiweka pembe chini, akamwambia mama, "Nipe maji." Mama akampa kibuyu. Akajaza mdomo maji, maji matupu ya mtoni, akakutemea mgongoni, akasema, "Ukae, uzae, uwabariki wengine." Wewe uliposikia unyevu ukapiga mayowe, ukakimbia hadi kwenye mfereji ukajisugua kwa mchanga mpaka ngozi ikatoka. Uliporudi lori lilikuwa limeondoka. Baba hatukumwona tena, wala kaburi lake.

Nimekuambia haya mara nyingi. Unasema namfariji mtoto. Ukichoka kubisha unasema, "Hata kama yalikuwa maji, niliyaosha." Gitonga, uzee haukukupa akili? Baraka ni tope? Umezaa, umezeeka, meno yako yamebaki mengi kuliko yangu. Yalitoka wapi hayo yote?

Mwalimu wako alikuwa mtu mwema. Sina ugomvi naye. Leo napita hapa sokoni, jua halijapanda, vijana wamelala mtaroni na chupa ndogo zile, wajukuu wa watu ninaowajua, na hakuna anayewapanga mstari. Nawaruka naenda. Zamani ningelia. Wewe hukuonja mpaka leo, na mimi nakusifu. Lakini baba naye alilishika neno lako pamoja nawe. Aliacha uki wake mwenyewe chini, na watu wenye bunduki wakimcheka.

Sasa watu wa Embu wanakuja kumchukua Kendi kwa ndoa mwezi ukiisha. Baba yake hana mjomba mwingine ila wewe. Msichana hawezi kutoka nyumbani mkavu.

Uje siku moja kabla, ulale hapa. Usimtume mwanao, na usiniletee blanketi wala sukari. Asubuhi utasimama mlangoni, ujaze mdomo maji, umtemee huyu mtoto kifuani, na useme maneno kwa sauti wageni wa Embu wasikie.

Ni mimi dada yako, wa tumbo moja.