Simba Anayelishwa na Mji

Endulen, Ngorongoro
Julai 1978

Kaka Moringe,

Ng'ombe wanapata majani, ila baridi ya ukungu inatuuma. Barua yako kutoka Ulaya ilifika, pamoja na picha uliyopigwa mbele ya simba. Mama aliitemea mate ya baraka, kisha akaificha, anaogopa kuitazama. Haamini kwamba bustani hiyo ya wanyama mnaingia bure, na kwamba simba yule hununuliwa nyama kwa kodi ya wenye mji na sadaka za sanduku la getini. Huku kwetu simba analishwa na boma letu. Juzi alichukua ndama mwingine.

Kaka, usituandikie tena kwamba simba ni mvivu, analala tu hata watoto wakimzomea. Mdogo wetu Sakaya aliwasomea morani wenzake maneno hayo, wakacheka sana. Leo asubuhi ameondoka kufuata nyayo za simba, hakutaka mtu wa kumsindikiza. Amechukua mkuki wako uliotuachia. Jua linazama sasa, na mbwa wake amerudi peke yake.

Ni mimi dada yako,
Nalangu