Kakakuona wa Mtaa wa Mkunguni

Kariakoo, 12 Januari 1979

Mdogo wangu Gaudens,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Wifi naye, kifua kimeachia? Sisi huku wazima, ila sabuni tunaisikia kwa jina tu.

Haya, nicheke. Unatujua mimi na jirani yangu Mzee Zahoro, muuza nazi. Mwewe kavunjika bawa sokoni, kwetu. Komba kafiwa na mama yake, kwetu. Mtaa mzima unatuita hospitali. Safari hii Bushiri, dereva wa gari la mchele la huko kwenu Ifakara, katuletea kakakuona! Wapakiaji walimfunga waje kumuuza, kamba ikamchana mguu wa nyuma vibaya sana. Bushiri akawanyang'anya.

Nilimpikia uji, hakuugusa. Zahoro akasema, "Bi Candida, mgeni wako hali chakula cha Kikristo." Akamtia kapuni, akampeleka Jangwani kwenye sisimizi. Alikula mpaka nikapiga vigelegele! Sasa tunaenda kila jioni. Shida ni kwamba akisikia kelele za watu anajikunja kama mpira, na akijikunja hali tena. Asipokula, mguu hauponi. Mtuombee.

Dada yako,
Candida

Ifakara, 3 Februari 1979

Dada yangu,

Shikamoo. Wifi yako ana nafuu. Mimi mzima wa mwili tu. Mwanangu Tarsis hajaandika tangu wapelekwe vitani. Redio nimeisikiliza mpaka betri zimekwisha.

Dada, huyo mnyama kaletwa na Mungu. Wazee wetu unawajua: kakakuona akionekana anatandikiwa vitu, anapigiwa ngoma, na kile anachokiendea ndiyo habari yenyewe. Nimempa Bushiri shati la Tarsis. Liweke upande mmoja, upande wa pili shuka jeupe. Akiliendea shati, mtoto yu hai. Akienda kwenye shuka, basi nijue moja. Utasema ni dhambi. Nitaungama mimi, wewe nifanyie tu.

Mdogo wako,
Gaudens

Kariakoo, 15 Februari 1979

Gaudens mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa mawazo. Shati limefika. Nimelinusa, nimelia. Tarsis ni mtoto wangu pia, kila asubuhi namtaja kanisani.

Lakini sitatandika, na si kwa sababu ya dhambi tu. Juzi balozi wetu wa nyumba kumi alikuja na watu na ngoma, eti waulize vita itaisha lini. Zahoro akasimama mlangoni: "Nyie mkiumwa mnaulizwa habari za vita?" Walicheka wakaondoka, ila mnyama alikwisha jikunja. Akagoma kula, kidonda kikachimba. Ngoma nyingine itamuua mikononi mwangu.

Na je, akielekea kwenye shuka? Utamlilia mtoto ambaye labda sasa hivi anakunywa chai na wenzake? Usinikasirikie, mdogo wangu.

Dada yako,
Candida

Kariakoo, 25 Machi 1979

Gaudens,

Hujambo? Nauliza kweli, maana tangu nikukatalie hujaniandikia. Bushiri anasema ukiliona gari lake unaingia ndani. Mimi sina ndugu mwingine.

Mguu umefunga. Anachechemea, lakini anachimba vizuri. Bwana nyama, yule afisa wa wanyama pori, katupa kibali arudishwe msitu wa kwao, na huko wa kumkabidhi ni wewe tu. Zahoro kanigombeza: "Unampa yule yule mwenye ngoma?" Nikamwambia, ndiye ndugu yangu.

Anakuja na Bushiri, kapuni, pamoja na shati lenu. Sitakuwepo, siwezi kukuzuia. Nakuomba tu umfungue kitambaa cha mguuni, umwache penye vichuguu, pasipo na watu.

Dada yako anayekupenda,
Candida

Ifakara, 10 Aprili 1979

Dada yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo, maana za siku zote hizi nilikunyima. Mzee Zahoro hajambo? Mwambie asinitukane sana.

Sikufichi. Niliwaita wazee. Ngoma ilikuwepo, shati na shuka vimetandikwa uani. Nikafungua kapu, nikamkuta kajikunja. Mzee mmoja akasema, "Mguse kwa fimbo, atafunguka." Fimbo ninayo mimi. Nikaona ule mguu, jinsi ulivyomfunga taratibu, fundo limewekwa juu lisimuumize. Nikamuwaza Tarsis. Kama ameumia huko, na mama wa watu amemfunga hivi, halafu anatokea mtu na fimbo.

Nikafunika kapu. Wazee waliguna, mmoja akaniita mwanamke. Nikambeba mwenyewe hadi kwenye vichuguu, nikamfungua kitambaa, nikakaa mbali. Alikawia mno, dada. Halafu pua ikatoka, akanusa, akaanza kuchimba. Hakunitazama hata kidogo, nami nikaangua kicheko peke yangu porini.

Tarsis bado hajaandika. Wifi yako analala na lile shati. Sijui kitu, na kutojua kwenyewe kunauma, lakini nikiuma meno peke yangu huku kunazidi. Tuandikie upesi, hata ukurasa mmoja.

Mdogo wako,
Gaudens