Tumbo Langu na Maziwa Yenu

Songambele,
Wilaya ya Kyerwa.
4 Februari 2025.

Mpendwa Shangazi Ainebyona,

Shikamoo. Natumaini hapo Mwanza mko salama na mguu wako umepona, maana nasikia una nguvu za kutosha kuitisha kikao. Mimi na Mujuni, mtoto wa kaka yako, tu wazima. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa jirani yetu Nestory barua hii aje nayo kwa basi.

Nimeyapata uliyowaambia wazee. Eti Krismasi uliponipa bilauri ya maziwa freshi, nikainywa nusu na kukimbilia chooni, nilikuwa nawadharau ninyi wafugaji, na nirudishwe kwetu Bugene. Shangazi, umenikosea sana. Nimekasirika wala sifichi.

Nilikwenda kwa daktari Kayanga. Wanga wa ndizi nilizokuzwa nazo huanza kuvunjwa na mate mdomoni, utumbo mwembamba ukamalizia, sukari ikaingia kwenye damu. Maziwa nayo yana sukari yake, inayotaka kimeng'enya chake cha kuivunja. Watoto wachanga karibu wote wanacho. Kwa wengi wetu kinapungua tukikua. Ninyi mliokunywa maziwa tangu enzi za mababu, wengi mnabaki nacho. Mimi changu hakitoshi. Sukari isiyovunjwa huteremka mpaka utumbo mpana, bakteria wakaichachua, tumbo likajaa gesi. Yaliyofuata uliyasikia mwenyewe, umesimama nje ya choo unacheka.

Mama mkwe Eseri alipoelezwa hakuitisha kikao. Alisema tu, "Basi mpeni mtindi, mbona ni jambo dogo!" Kwenye mtindi, sehemu ya ile sukari imeshaliwa na bakteria. Nakunywa kikombe kila jioni na sipati shida. Wewe uliyekulia zizini hilo halikukujia kichwani?

Nampenda Mujuni na siondoki. Lakini kwa kuwa umeapa hutaniamini mpaka nimalize bilauri mbele ya wazee, sawa. Jumamosi, ukija huku kwenye kikao chako, nitaimaliza yote. Kisha nitaketi ubavuni pako, mkeka mmoja, na sitanyanyuka mpaka kikao kifungwe.

Nisalimie mzee wako Byabato na binti yenu Deodatha. Mungu akufikishe salama. Na kama una mafua, usiyatibu kwanza.

Ni mimi mke wa mtoto wenu, wa jana na wa kesho,
Kokuhirwa