Gari la Deraya Lisilo na Dereva

Mpwa wangu Rehema,

Anayekuandikia ni mjomba wako Masudi, fundi redio wa Isevya, ambaye treni ya Kigoma haiondoki stesheni ya Tabora mpaka dereva wake aulize kama nimeamka salama. Nakukumbusha tu, maana huko uliko huenda wako akina Masudi wengi. Tangu uondoke sifa zangu zimezidi. Watu wanatoka Igunga na redio zao, wanawapita mafundi sita njiani, wanakuja kwangu. Juzi nimefufua redio iliyoungua pamoja na nyumba. Ilipowaka tu ikatoa taarifa ya habari ya mwaka jana, ndiyo ilikuwa imebaki ndani.

Ungekuwepo ungesema, "Endelea mjomba, hiyo bado haijaiva."

Naanza na hayo kwa sababu jambo lenyewe ni gumu kuanza nalo. Ni lile gari letu la plastiki. Nimelimaliza, paa nimeshaligundisha, na kiti cha dereva kiko kitupu. Mama yako anataka nilifungue niweke ndani kile kisanamu chako. Mkono wangu umekataa.

Unakumbuka boksi la kwanza? Ulikuja likizo na magwanda yako, ukaliweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya spika na nyaya. Juu pana picha ya kifaru kinatimua vumbi. Kufungua, nikakuta vipande vya kijivu mia na kitu, vimening'inia kwenye vijiti, kila kimoja na namba yake, vingine vidogo kama punje ya ulezi.

"Shikamoo mjomba. Nimekuletea kazi."

"Marahaba. Kifaru chenyewe kiko wapi?"

"Ndicho hicho. Unakiunga mwenyewe."

"Yaani jeshi zima limekosa fundi mpaka mje kwangu?"

Ulicheka mwanya wako ukaonekana wote. Ukanieleza kwamba huko mnakolinda amani kuna askari mmoja wa kigeni aliyekufundisha. Jioni hana pa kwenda, anaunga vigari. Kila kitu kimepunguzwa mara thelathini na tano: gari linakuwa shibiri moja, mtu anakuwa kidole cha shahada. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza, nami nikaisoma yote kwa picha. Shule niliiacha mwenyewe darasa la nne, walimu walikuwa wameishiwa.

Tuliunga vitatu katika likizo zako tatu. Kuna askari wa plastiki waliobaki bila gari, ukasema tuwatupe. Nikawakata bunduki kwa wembe, nikawatwika njiti za kiberiti mabegani, wakawa wapagazi wa msafara wanatoka Ujiji na pembe za ndovu. Yule wa mbele nikakwambia ni babu yangu mzaa babu, aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo huku mtu amekaa juu yake anakunywa uji.

"Alikwenda mara ngapi, mjomba?"

"Mara tisini."

"Kwa miguu? Basi aliishi miaka mia."

"Asingepata homa tungekuwa naye hapa."

Wapagazi wale bado wako kwenye droo ya vipuri. Mmoja amevunjika mguu, nimemwegemeza kwa mwenzake.

Boksi la nne ulimpa mwenzako aliyekuwa anarudi nyumbani, aniletee. Gari la deraya, aina ileile uliyokuwa unaendesha. Pembeni umeandika kwa kalamu: "Hili ni langu. Usiguse mpaka nije." Sikugusa. Lilikaa juu ya kabati miezi minne, nikawa nalifuta vumbi kila Ijumaa kama msahafu, Mungu anisamehe.

Ukaja ndani ya sanduku lenye bendera.

Pale makaburini, wanaume wanasawazisha udongo, koplo mrefu aliyekusindikiza alinivuta pembeni. Akasema gari liliteleza darajani, likalala ubavu majini, milango ikajikunja. "Mzee, ilibidi tukate paa ndipo tukamtoa. Tulichelewa." Akaniomba nisimwambie mama yako. Sijamwambia. Mimi ambaye siri ya jirani haikai kwangu mpaka chai ichemke, hiyo nimekaa nayo mwaka mzima. Nikila, ninayo. Nikishika chuma cha kuyeyushia risasi niunge waya wa redio ya mtu, nasikia paa linakatwa.

Hitma ya mwaka ilipokaribia, dada Zuhura akaniambia, "Masudi, lile gari la mwanangu limalize, liwepo." Nikalishusha. Nilianza na wewe. Kile kisanamu cha dereva kilikuja na sura ya Mzungu, pua nikaipunguza kwa wembe, rangi nikachanganya mara tano mpaka ikakaribia. Macho nimeyachora kwa ncha ya sindano. Mwanya ulinishinda, nikakufunga mdomo.

Siku ya hitma gari likakaa juu ya stuli sebuleni kwa mama yako, ubani unafuka, wanaume kwenye mikeka. Mzee Kassimu, yule fundi cherehani jirani yangu, akainama akachungulia dirishani.

"Masudi, mbona hamna mtu kwenye usukani?"

Unanijua. Mdomo wangu haujawahi kulala njaa. Nikajibu palepale kwamba hiyo ni heshima ya jeshi: dereva akifa, gari lake linapitishwa mbele ya gwaride kiti kikiwa kitupu. Nikasema nimeliona kwa macho yangu.

"Sasa linakwendaje bila dereva?"

"Linasukumwa."

"Na majenerali?"

"Majenerali ndio wanaosukuma."

Hakuna aliyecheka. Ustadhi akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema tena ni vizuri, tunasoma Kurani hapa, sanamu ya mtu isingefaa. Na mama yako akajifunika uso kwa ukaya wake, akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi. Nilipewa mkono na watu wote. Nilikula pilau ile kama nakula udongo.

Wiki haijapita, dada akaja dukani. Hakukaa.

"Heshima ya jeshi nimeisikia, Masudi. Jeshi lilishamheshimu. Mimi ni mama yake. Mtie ndani."

"Dada, gundi yenyewe..."

"Kiti chake kipo na mwenyewe yuko mezani kwako. Mtoto wangu anakaa nje ya gari lake kwa nini?"

Ijumaa iliyofuata akarudi. Na nyingine. Nimesingizia macho, nimesingizia umeme, nimemwambia msumeno mwembamba umeagizwa Dar. Anajua naongopa, ila hajui naongopea nini. Mara ya mwisho aliniambia, "Kumbe na wewe unamwogopa maiti." Akaondoka bila kuaga. Sisi wawili tumezaliwa tumbo moja, na hatujawahi kuachana bila kuagana.

Jumatatu asubuhi nilijaribu. Nilifunga mlango wa duka, nikalibana gari kwenye jiliwa, nikaweka kipande cha msumeno juu ya paa. Gundi ya vitu vile haigandishi tu, inayeyusha. Vipande viwili vinakuwa kimoja, kwa hiyo njia ni kukata. Nilivuta mara moja. Ule mlio, mpwa wangu, ni mdogo kama wa panya. Nikaona maji, nikamwona koplo. Nikasema wao walikata kukutoa wakachelewa, na mimi nikate kukurudisha? Nikaweka msumeno chini, nikalitoa gari kwenye jiliwa. Mkwaruzo umebaki juu ya paa, nimeupaka rangi.

Kwa hiyo kesho naenda kwa mama yako. Kuhusu paa la kweli sitamwambia, hilo nitazikwa nalo. Lakini lazima nimpe kitu kimoja cha kweli ili aache kuniomba. Akidhani kiti nilikiacha kwa kutaka, ataniomba mpaka siku ya mwisho, kwa sababu nilichotaka naweza kukitangua. Akijua ni kosa la fundi, atanitukana mpaka majirani watoke, halafu ataacha. Gari atabaki nalo na wewe nitakuweka kwenye kiganja chake. Huenda kiganja kikakufaa kuliko kile kiti.

Kosa lenyewe nakwambia wewe kwanza, kwa sababu lilikuwa juu yako.

Heshima ya jeshi haipo, niliitunga mkekani. Siku ile ya kufunga paa, akina mzee Kassimu walikuwa kibarazani kwangu, nami nawasimulia jinsi nilivyokufundisha kuendesha kwa lori la tumbaku la Sikonge, wewe umefungwa kitambaa machoni, mimi nimelala kwenye bodi nakuelekeza kwa harufu ya njia. Walikuwa wanacheka. Mkono wa kulia unapaka gundi, mdomo unaendesha lori. Nikafunga paa, nikalikandamiza, nikahesabu mpaka mia kama ulivyonielekeza. Walipoondoka nikageuka, nikakukuta juu ya kifuniko cha kopo la rangi, umekaa vizuri, mikono mbele, umeshika usukani ambao haupo.

Nilikusahau, Rehema. Hapakuwa na kingine.

Mungu akupe kauli thabiti na akupanulie ulipolala.

Mimi mjomba wako, ambaye gari hata kuliwasha sijui.