Kiti cha Tatu

Jumatatu, 12 Januari

Nimepiga pasi gauni la bluu. Umeme umekatika kola ikiwa bado. Nitavaa hivyo hivyo, kola iliyokunjamana haijawahi kumfunga mtu.

Kesho Baraza linakaa. Rufaa ya wakala wa bima, binti anaitwa Pendo, kanyang'anywa leseni na Mamlaka ya Bima. Nimesoma jalada lote mara mbili, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Wajumbe tuko watatu. Sheria ndivyo inavyotaka: mwanasheria mmoja, mmoja aliyefanya kazi za fedha, na mmoja mwananchi wa kawaida anayetumia hizo huduma. Mwenyekiti ni wakili mstaafu. Mzee Salum alikuwa meneja wa benki. Wa tatu ni mimi, Eufrasia, mwanamke wa Ukerewe niliyehamia Buswelu, miaka ishirini na sita ya kuanika dagaa na kuwageuza. Chama cha akina mama wafanyabiashara ndicho kilichopeleka jina langu. Nilidhani wananitania.

Viti vya wenzangu ni vya ngozi, vina magurudumu. Changu ni cha plastiki, kilitoka kantini. Mwaka wa tatu huu naambiwa kingine kinakuja.

Muhula wangu unaisha Machi. Katibu kanidokeza leo kwenye simu kwamba kanuni zinabadilika, kiti cha tatu kitataka mtu mwenye digrii. Kaongea kwa upole kama anayetoa pole ya msiba. Sijafa.

Jumanne, 13 Januari

Nimekasirika mpaka sasa. Chai imepoa sijaigusa.

Kesi yenyewe ni fupi. Mwaka jana, tarehe 10 Julai, Pendo alikwenda mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, kukagua boti ya dagaa kabla ya kuikatia bima. Akaandika kwenye fomu: boti iko nchi kavu, juu ya magogo, mashine haipo. Akaikatia. Wiki tatu baadaye dhoruba ikaizamisha ziwani. Watu walipona, Mungu ashukuriwe. Kampuni ikakataa kulipa, ikamshitaki Pendo kwa Mamlaka: aliona kwa macho yake boti mbovu, ya kutupwa, akaikatia bima ili apate kamisheni. Leseni ikaondoka. Kibanda chake pale Nyakato kimefungwa tangu Septemba.

Hana wakili. Wakili wa kampuni, kijana mwenye viatu vya kung'aa, kamuuliza swali moja tu la maana: siku ile uliyoikagua, boti ilikuwa inafanya kazi? Pendo kajibu hapana. Kijana kakaa chini kama mtu aliyeshiba.

Hapana! Na hakuongeza neno. Nilitamani kuing'ata meza. Yule ni mtoto wa Nansio, kisiwani kwetu, jambo lenyewe kwake liko wazi mno, haliingii akilini kwamba kuna mtu mzima asiyelijua. Kaulizwa, kajibu kweli, na kweli ikamkaba koo.

Mwenyekiti anaandika. Mzee Salum anaandika. Wote wawili hawajui. Nimewatazama nikaona hawajui kabisa.

Wajumbe tunaruhusiwa kuuliza. Nikamuuliza Pendo: siku hiyo boti nyingine za dagaa zilikuwa wapi? Kabla hajafungua mdomo wakili kasimama. Eti mjumbe anatoa ushahidi kutoka kwenye kiti cha hukumu. Mwenyekiti kaahirisha kikao.

Jumatano, 14 Januari

Ombi limeletwa kwa maandishi. Kampuni inataka nijitoe. Sababu zao: natoka Ukerewe kama Pendo. Nimeishi kwa dagaa. Sina taaluma inayotambulika. Neno hilo nimelirudia mara nne. Inayotambulika na nani?

Mzee Salum amekula mshahara wa benki miaka thelathini, na benki zinapokuja mbele yetu hakuna anayemwambia kwamba anazijua mno. Wanasema ana uzoefu. Mwenyekiti anaijua sheria, wanasema amebobea. Mimi nikilijua ziwa, hilo ni upendeleo.

Mwenyekiti kapiga jioni. Ni mtu mzuri, hana kiburi. Kasema, "Bi Eufrasia, ukijitoa mwenyewe itakuwa heshima kwako." Nikamwambia nitajibu kwa barua.

Kujitoa ng'o.

Ijumaa, 16 Januari

Editha, mwanangu, kapiga kutoka Dodoma. Yeye mhasibu. Sijui nani kamwambia. "Mama, usijiaibishe. Waachie wasomi."

Ada yake yote ilitoka kwenye dagaa. Nilisema sitamwambia hilo.

Nilimwambia. Akalia. Na mimi nililia, lakini baada ya kukata simu.

Jumamosi, 17 Januari

Namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, lafudhi ya nyumbani kabisa: "Shikamoo dada, mimi mama yake Pendo." Nikaitikia marahaba, mdomo ukiwa umeitangulia akili. Kisha nikakata.

Nikakaa kitandani. Simfahamu. Namjua lakini. Najua anavyokaa sasa hivi, simu mapajani, akidhani nimemkatalia mtoto wake.

Nikinyamaza hakuna atakayejua. Nikisema, nimempa wakili kuni za kunipikia. Nitasema. Sitaki kukalia kiti kwa siri, hata kama ni cha plastiki.

Jumapili, 18 Januari

Padri kahubiri kusamehe. Sikusikiliza, nilikuwa natunga barua.

Nimeiandika mchana, ukurasa mmoja, kwa mkono. Simu ya mama yake Pendo nimeitaja katika mstari wa kwanza, na kwamba haikufika maneno kumi. Kisha: sina undugu na mrufani, sina boti, sina hisa katika boti yoyote. Dagaa niliacha magoti yalipokataa. Sheria iliyoniweka hapa haikusema mjumbe wa tatu awe mtu asiyejua kitu. Ilitaka mtu aliyenyeshewa, akae na wale waliokuwa ndani. Sijitoi. Mkitaka niondoke, niondoeni, na mwandike sababu.

Nimeisoma kwa sauti jikoni. Mstari wa mwisho ni mkali. Nimeuacha.

Jumatano, 21 Januari

Wenzangu wamejifungia kujadili kama nibaki. Nikakaa kwenye benchi la korido, mkabala na Pendo. Benchi la washitakiwa, si la mahakimu. Saa nzima hatukutazamana. Binti ana viatu vilivyoshonwa upande na begi la nailoni lenye makaratasi. Nilisoma tangazo la kuzima simu mpaka nikalikariri.

Kisha tukaitwa ndani, na mbele ya wote Mzee Salum akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Mzee huyu katika miaka mitatu hajawahi kuniambia zaidi ya habari za asubuhi. Katoa kalenda ya msikitini kwake, ya mwaka jana, imekunjwa mara nne. Kasema swali langu lilimkosesha usingizi, akaitafuta tarehe ile. Yeye kila mwezi hufunga siku tatu za katikati, mwezi unapojaa. Tarehe 10 Julai alikuwa amefunga. Mwezi ulikuwa mpevu siku hiyo, na hilo si siri ya mjumbe yeyote, liko ukutani kwa kila Mwislamu wa Mwanza. Anachotaka kujua ni kwa nini mjumbe mwenzake aliuliza boti nyingine zilikuwa wapi, na hawezi kujua kabla mrufani hajajibu.

Mwenyekiti kasoma uamuzi. Ombi la kampuni limekataliwa. Nabaki.

Nilitaka kucheka, nikajikaza. Plastiki ilinililia chini pale nilipokaa na kila mtu akasikia.

Alhamisi, 22 Januari

Pendo kajibu. Alishangaa kwanza, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake. "Zote zilikuwa nchi kavu, waheshimiwa. Si ilikuwa mbalamwezi?"

Kalamu za wenzangu zikasimama. Kisha Mwenyekiti, taratibu, kamtaka aeleze. Na akaeleza. Dagaa wanavuliwa gizani, wanafuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, dagaa wametawanyika. Basi boti zote zinavutwa juu, zinazibwa nyufa, na mashine zinapelekwa nyumbani zisiibwe. Wiki nzima, kila mwezi. Ndizo siku pekee unazoweza kukagua boti chini mpaka juu. Ndiyo maana alikwenda siku hiyo.

Mwenyekiti kamuuliza kwa nini hakuyasema haya kwa Mamlaka. Kasema hawakumuuliza.

Wakili kadai hayo ni maneno matupu. Mzee Salum kaomba Baraza liende kuona, mwezi utakapojaa tena. Tarehe mbili.

Jumatatu, 2 Februari

Tumekwenda. Mwenyekiti, Mzee Salum, mimi, wakili, Pendo, katibu na daftari lake. Saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali.

Nilijiapiza sitasema neno na sikusema. Nilishika mkoba kwa mikono miwili ili hata kidole kisinyooke. Harufu ilinipiga kifuani. Mwaka wa nne sijakanyaga mwaloni.

Mwenye macho haambiwi tazama. Boti zilikuwa zimelala kwa safu mpaka kwenye mawe, juu ya magogo, hakuna hata moja yenye mashine. Wanaume wanashona nyavu, wengine wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Mwenyekiti kamuuliza mvuvi mmoja mashine iko wapi. "Iko chini ya kitanda changu, mzee. Nikiiacha hapa si watanisaidia kuibeba?" Wakili kauliza, na hii boti ni mbovu? Mvuvi kacheka mpaka kashika mbavu. "Mbovu ya nini, kaka? Subiri giza lirudi utaiona."

Wakili hakucheka. Alizunguka boti ile, akainama, akapitisha mkono kwenye ubao. Viatu vimejaa tope. Nusura nimwonee huruma. Nusura.

Ijumaa, 13 Februari

Uamuzi umesomwa. Sote watatu tumekubaliana. Fomu ya Pendo ilikuwa ya kweli na ukaguzi wake ulikuwa wa sawa. Leseni irudishwe.

Nimelisikiliza lile karatasi lote, kurasa kumi na moja, nikisubiri. "Baraza liliuliza." "Baraza lilibaini." Jina langu halipo, sijui nilitegemea nini. Imeniuma. Halafu nikakumbuka kwamba Baraza ni mimi pia, na jambo hilo wakili wa kampuni na mwanangu mwenyewe walijaribu mwezi mzima kunitoa kichwani.

Kwenye korido Pendo kapiga goti kidogo. "Shikamoo mama." Marahaba, nikapita. Sikusimama. Nilitaka kumkumbatia mtoto wa watu mpaka mbavu zilie, lakini wakili alikuwa mlangoni, na hata asingekuwepo nisingefanya.

Jumamosi, 28 Februari

Mvua ya asubuhi. Sikwenda popote.

Tangazo limetoka. Mjumbe wa tatu wa Baraza: awe na digrii ya sheria, fedha au uhasibu. Fomu zinapatikana kwa katibu. Nilichukua moja jana. Katibu alinitazama, akanipa.

Mzee Salum kanitumia bahasha. Kafunga, Ramadhani hii, lakini kakumbuka. Ndani kalenda ya msikiti, ya mwaka huu. Nimeitundika jikoni karibu na picha ya Bikira Maria.

Editha kapiga. Hatukuzungumzia kesi. Kaniuliza dagaa wa kukaanga huwa naweka ndimu mwanzo au mwisho. Mwisho, nikamwambia.

Fomu ina kisanduku cha sifa za kitaaluma, hakizidi kiganja. Nimeandika: dagaa, miaka ishirini na sita. Baraza, miaka mitatu. Nafasi ikabaki, nikaiacha ilivyo. Jumatatu nitaipeleka mwenyewe. Gauni la bluu nimeliloweka.